Mlinzi wa Kiti cha Mlangoni

Ladan,

Maharagwe yako kwa sufuria, yapashe moto. Kuku wameshakula, wasikudanganye. Baba yako amepitia nyumbani kuchukua nguo tu, anarudi hospitali kulazwa. Usipige nduru, majirani watakuja na matanga.

Asubuhi, ulipoondoka kwenda Naivasha kwa kazi yako ya shamba la maua, alienda kuchukua majibu ya damu. Daktari Prachi akamuuliza, “Mzee, unalala na mito mingapi?”

“Mito ya nini, daktari? Mimi nalala na rungu.”

Daktari hakucheka hata kidogo. Akamweleza kwamba moyo ukilemewa humwaga homoni fulani kwenye damu, na kwake imezidi mno. Moyo hausukumi damu vizuri, maji yanajaa mapafuni. Kumbe miezi yote hii mdomo ukitania, moyo ulikuwa unasema ukweli.

Unakumbuka unavyomsifu kwa jirani yetu Mama Najwa, eti tangu zile fujo za Januari baba halali kitandani, anakesha kwa kiti akilinda nyumba? Fujo ziliisha, mwanangu. Ni vile akijilaza anakosa pumzi, ndiyo maana daktari aliuliza mito. Hakukwambia, kwa sababu tangu mama yako afariki, hiyo sifa ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo.

Leo funga komeo mwenyewe. Rungu liko nyuma ya mlango.

~~Usije, utajichosha bure.~~

Kesho njoo na mto wa mama yako. Nimechoka kulinda.

Baba