Nimebadilisha Gari la Mwanangu kwa Sauti Yake

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, na kama umenizidi umri basi shikamoo, kama nimekuzidi mimi nina miaka hamsini na nane, marahaba. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kushonea chenye mashine mbili na kioo kirefu, shuleni nilifika darasa la saba tu lakini kusoma nasoma, na safu yako naisoma kila wiki, hata nikikata gazeti kutengeneza vipimo vya nguo za wateja ukurasa wako naukunja pembeni, mkasi haugusi.

Nina mtoto mmoja tu wa kike, na Mungu alipoona ni mmoja akampa akili za watoto sita. Ni daktari. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo. Ni daktari wa mifugo, cheti chake kimetiwa fremu kinaning'inia juu ya cherehani yangu, si nyumbani, dukani, kwa sababu dukani ndipo watu wanapokaa wakisubiri nguo. Wiki iliyopita kamtoa ndama aliyekaa vibaya tumboni kwa mikono yake miwili, mkono umeingia mpaka begani, na ng'ombe na ndama wote wazima. Sasa niambie, mtoto kama huyo hajakamilika wapi?

Lakini mbele ya duka langu kuna msusi, na huyo msusi ulimi wake hauna breki. Kila asubuhi nikifungua mlango ananiuliza mbele ya wateja wake, "Mama Daktari, leo daktari wako kamdunga nani, mbuzi au kondoo?" nami namjibu, "Kamdunga fahali, wewe ungepanda juu ya paa," watu wanacheka, na mimi nacheka, lakini moyoni naumia, maana wakisema daktari wa ng'ombe wanasema kama vile alisomea nusu.

Basi mwaka huu kigari chake kidogo kilikwama kwenye tope mara tatu, mara ya tatu wakakisukuma wenye ng'ombe na ng'ombe wenyewe wanatazama, ndipo akaamua kununua gari refu, lile la kupanda mawe na matope, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na hilo ndilo la kwendea kazini kila siku, maana gari jingine hana. Akanichukua tukaenda yadi kuangalia. Yalikuwa matatu yamepangwa mstari mmoja, ukiyaona kwa mbali ni ndugu wa tumbo moja, na muuzaji, kijana mwenye tai na adabu zake, akatuambia, "Mama, injini ni ile ile, umbo ni lile lile, tofauti ni daraja."

Daraja la chini lina siti za kitambaa, sakafu ya mpira unaweza kuimwagia maji, gia za mkono, rimu za chuma zimepakwa rangi tu kama sufuria. La kati lina kapeti, gia zinajibadilisha zenyewe, na kamera ya kuonyesha nyuma. Lakini la juu, Mshauri! Siti za ngozi, kioo cha kuonyesha ramani na picha mbele ya dereva, kikubwa kama televisheni, rimu pana zinazong'aa mpaka nikajiona nikaweka kitambaa changu sawa, kikanyagio kinachotoka chenyewe ukifungua mlango, na paa la kioo. Niliketi humo nikahisi nimebebwa. Muuzaji akabonyeza, pazia la paa likasogea, nikaona mbingu, nikamwita mwanangu, "Njoo uone!"

Yeye alikuwa amechuchumaa anashika matairi. Akasema, "Mama, mbingu naiona bure."

Nikamwambia, "Mwanangu, wewe ni daktari."

Akasema, "Ndiyo, na ninaendesha kila siku, siendeshi kila harusi." Akaandikisha lile la chini, jeupe. Na kwa kuwa mchana anakuwa mashambani huko mtandao haushiki, kwenye karatasi akaandika namba yangu kuwa ndiyo ya kupigiwa mchana.

Hapo ningenyamaza nisingekuwa nakuandikia. Ila kesho yake msusi akaniuliza, "Tunasikia daktari ananunua gari, ni la kubebea majani?" nami, wateja wanne wamekaa pale vichwa vyao vimesukwa nusu, nikasikia mdomo wangu unasema, "Daraja la juu kabisa, siti za ngozi, paa la kioo." Msusi akasema, "Haya, tunalisubiri hilo paa."

Siku mbili baadaye simu ikalia nipo kwenye mashine. Sasa lazima ujue kitu kimoja, mimi na mwanangu sauti zetu ni moja, ukitusikia bila kutuona huwezi kututenganisha, hata marehemu baba yake akipiga simu nyumbani alikuwa anaanza na "Nani mwenzangu?" kwa kuogopa kumwambia mtoto maneno ya mama. Muuzaji akasema, "Dada daktari, nathibitisha tu, daraja la chini, rangi nyeupe?" Nami, Mshauri, sikusema mimi ni mama yake. Nikasema, "Hapana, nimefikiria upya. Niandikie la juu."

Akauliza, "Na hela ya kuongeza?"

Nikajibu, "Mama yangu ataileta." Maana nilikuwa nimeweka akiba ya cherehani ya tatu.

"Na rangi?"

"Rangi iache hiyo hiyo nyeupe," nikasema, nisije nikamnyang'anya vyote.

Akafurahi, akasema lile la juu tuliloliona limeshauzwa, jingine litaingia yadi mwisho wa mwezi, na lile jeupe la chini kuna mwalimu analitamani sana, atamwita aje alichukue siku hiyo hiyo la juu likiingia.

Nilikaa na furaha yangu siku tatu. Ya nne mwanangu karudi kazini na bonge la turubai begani, lile zito la kufunikia mizigo, na karatasi ya vipimo. Akasema, "Mama, hizi ni siti za gari langu, nilizipima nilipopita yadi asubuhi kabla muuzaji hajafika. Nishonee vifuniko, maana nitakuwa napanda na mabuti yana samadi. Wewe ndiye fundi pekee ninayemwamini." Akanionyesha na picha ya kabati ambalo seremala anamtengenezea la kukaa nyuma, la kubanwa kwenye sakafu ile ya mpira, liweke sanduku la chanjo lisicheze. Nikasema, "Sawa mwanangu," nikawasha mashine. Mpaka leo nimeshashona viwili, na kila nikipiga pindo najua nashona nguo ya gari ambalo nimeshalifukuza.

Sasa naomba unisaidie kwa mawili. La kwanza, nimwambie, au ninyamaze siku ifike aone lile la juu afurahi na asahau la chini, maana nani hukataa kilicho bora akishakabidhiwa? La pili, wewe uliyesoma, niambie ukweli, mtu anayeendesha gari kila siku si ndiye hasa anayestahili daraja la juu, kuliko wa kuliendesha mara moja moja? Kama unakubaliana nami andika kwa herufi kubwa nimwonyeshe msusi. Wako,

Mama Daktari

MSHAURI ANAJIBU

Mama Daktari, marahaba yako nimeipokea kwa adabu, umenizidi miaka mitatu. Lakini leo utaniwia radhi, nitakusema kama mdogo anavyomsema dada yake wakibaki wawili jikoni.

Nianze na gari, kwa kuwa ndilo unalotaka kuzungumzia ili tusizungumzie lile jingine. Swali lako si baya. Anayeendesha kila siku anastahili starehe kuliko wa mara moja moja, hilo kweli. Kama binti yako angekuwa anatoka nyumbani kwenda ofisini kwenye lami na kurudi, ningekuandikia hizo herufi kubwa. Lakini kila siku ya nani? Ya kwako ni kukaa kitini. Ya kwake ni tope, samadi, sanduku la chanjo na mkono ulioingia mpaka begani. Ngozi ile uliyoikalia ukahisi umebebwa, mwezi mmoja tu ingekuwa inanuka zizi. Kapeti usiseme.

Nimemuuliza fundi wa gereji ninayempelekea gari langu. Hakujua habari zako, nilimwambia ni rafiki tu. Alicheka. Akasema, "Hizo rimu pana ni za lami. Zimeacha nafasi ndogo ya tairi, tairi jembamba kama mkanda, ukigonga jiwe rimu imepinda. Lile la chini lina tairi nene, likipasuka unalipata duka lolote." Yaani, dada yangu, katika yale matatu ulichagua lenye sura ya kupanda mawe na miguu ya kwenda harusini. Mwanao alikuwa amechuchumaa anaangalia miguu wakati wewe unaangalia mbingu.

Nawe ni fundi. Mteja akija na kipimo cha nguo ya kazi, humkatii gauni la sherehe kwa sababu jirani atapita barabarani.

Kama mkono unakuwasha na ni lazima uongeze kitu, kuna la maana. Mwulize binti yako kama lile la chini lina mifuko ya hewa ya kumkinga akigonga, na breki zinazozuia gari kuteleza. Hivyo havitazamwi kwa macho na msusi hatavisifia, lakini kama havipo, hapo ndipo daraja linapokuwa na maana, na ni yeye wa kuamua kupanda mpaka la kati. Kama vipo, kamera ya nyuma hufungwa hata baadaye, gereji yoyote. Akiitaka. Umwulize, nimesema.

Sasa tufike tunapopaogopa.

Kubadilisha gari ni kosa dogo, linarekebishika kwa simu moja. Kuitikia "dada daktari" wakati wewe si daktari ni kosa jingine. Mwanao aliandika namba yako kwenye karatasi kwa sababu kati ya watu wote duniani ni wewe aliyekuamini kuwa hutamdanganya muuzaji kwa jina lake. Leo ni gari. Kesho akipigiwa na mkuu wake wa kazi, au na mwanamume anayetaka kumwoa, ukaona jibu lake si zuri, utamjibia tena? Umemlea akafika mahali pa kujua anachotaka, kisha alipokitaka ukamwekea mkono mdomoni. Hilo ndilo litakalomuuma, wala si siti.

Na usinambie atafurahi akishakabidhiwa. Atasimama yadi mbele ya kijana mwenye tai anayemwambia, "Dada, si nilikupigia ukaniambia mwenyewe?" naye atageuka akutazame. Wewe utatazama wapi? Kwenye zile rimu?

Tena najua unachowaza sasa hivi, maana hata mimi ningekiwaza. Unawaza: nimpigie muuzaji kwa sauti ile ile, nirudishe lile la chini, yaishe, asijue mtu. Usithubutu! Huko ni kuiba mara ya pili ili kurudisha cha mara ya kwanza. Siku ya kusaini muuzaji atatania, "Dada ulitusumbua, mara hili mara lile," na hapo utakuwa na makosa mawili ya kueleza badala ya moja.

Kuhusu msusi, sikiliza. Anakutania kwa sababu unamjibu vizuri, na nadhani wote wawili mngekosa raha msipotaniana. Siku akiuliza paa liko wapi, mwambie, "Nilisema uongo, mwenyewe kachagua la kazi." Watacheka siku moja. Watu wenye vichwa vilivyosukwa nusu hawana kumbukumbu ndefu, wanataka kumaliziwa kusukwa waende zao. Na kama kuna mtu pale dukani anayeona udaktari wa ng'ombe ni nusu, samahani, huyo mtu ni wewe. Mtu asiyeona upungufu hatafuti paa la kioo la kuufunikia.

Haya, utafanya hivi. Anza na mwanao, muuzaji baadaye. Usianze na "nilifanya kwa upendo," wala "wewe ni mtoto wangu pekee," hayo anayajua, na ukiyatanguliza atalazimika kukuhurumia kabla hajakasirika. Sema maneno haya tu: "Muuzaji alipiga simu, nikajifanya wewe, nikabadilisha gari." Kisha nyamaza. Akikasirika mwache akasirike mpaka mwisho, usilie ili akubembeleze. Akiuliza kwa nini, mwambie habari ya msusi, yote, hata sehemu zinazokuaibisha. Halafu mpigieni muuzaji mkiwa pamoja, wewe ukijitambulisha kuwa ni mama, na mwanao aseme anachotaka kwa kinywa chake. Namba yako kwenye ile karatasi, kama atataka kuifuta, mpe kalamu. Akiba yako kanunulie cherehani.

Barua yako imeandikwa wiki iliyopita na gazeti hili limetoka leo, kwa hiyo zimebaki siku nane mwezi kuisha. Jioni akirudi kazini, mpishe anawe mikono, kisha mwambie. Usisubiri ale kwanza. Ukisubiri ale utasubiri apumzike, ukisubiri apumzike utasubiri kesho, na siku moja katika hizo kesho zako mwalimu wa watu atakuwa ameshapewa funguo.