Kiti Chako cha Baraza

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute unapumua vizuri na kile kikohozi kimekuachia usingizi. Goti la Mama je? Mimi mzima, ila baridi ya Toronto imenipasua midomo, na nikitoka nje navaa mpaka nashindwa kukunja mikono.

Baba, naona haya kukupigia simu, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka yule mzee wa Sierra Leone ninayemhudumia nyumbani kwake huku North York. Nilikuambia alikuwa mbunge, akawa waziri, mwishowe akateuliwa jaji. Jumapili uliponieleza kwa simu kwamba ugomvi wa mpaka kati ya kaka Sadiki na jirani yetu Mama Tatu umeletwa kwenye baraza lako la kata, nilikuwa namchana nywele mzee huyo. Nikacheka, nikasema, "Si wewe ndiye mwenyekiti? Mwamba ngoma huvutia kwake!" Mzee akaniuliza kinachonifurahisha, nami kwa kujivuna nikamtafsiria kila neno.

Hakucheka. Akaniambia nizime televisheni.

"Nilipoapishwa ujaji, watu wa chama changu walikuja nyumbani na kola," akasema. Kola ni tunda chungu la kwao. Mgeni akikuletea ukalitafuna, umempokea. "Nikatafuna. Ningekataaje? Ndio walionizungusha jimboni nikapata ubunge. Haukupita muda, aliyeileta akasimama mbele yangu na kesi ya shamba."

"Ukampendelea?"

"Hapana, binti yangu. Haki ilikuwa yake kweli, nikampa. Lakini aliyeshindwa alinitazama mdomoni tu, kama vile bado natafuna. Uwaziri wangu wamekwisha kuusahau. Kwetu mpaka leo naitwa Jaji wa Kola. Laiti ningeinuka tu kitini nikamwachia mwenzangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maana Sadiki ndiye aliyeng'oa masale, mimea yetu ya kuonyesha mpaka, Baba. Alinitumia picha mwenyewe, anachekelea, michungwa ya Mama Tatu ikiwa upande wetu. Niliiona na sikumkemea. Wewe watu wa Muheza wanakuamini, halafu mimi mwanao wa kuzaa ndiye ninayekufundisha kupindisha haki!

Nakuomba usimtetee Sadiki, wala usimhukumu wewe. Inuka, umwachie kiti mwenzako wa baraza, Mzee Kombo. Picha nitampelekea yeye. Sadiki akinuna, mwambie ni mimi.

Mpe Mama pole ya goti. Msalimie shangazi yangu Mwanaidi, mpishi wa shughuli zote, na mdogo wangu Asha, mwambie ualimu usimfanye mkali kama wewe.

Na Mama Tatu pia, ukimwona. Siku naondoka alinifungia machungwa ya njiani, ya miti hiyohiyo. Nimemweka mwisho kwa sababu salamu yake ndiyo iliyonishinda kuandika.

Mwanao, mwenye haya,
Zuhura