Oili ya Gari la Bibi Harusi

Jumanne, 15 Julai. Mchana, dukani Kaloleni.

Baridi ya leo ni ya kuvaa sweta mbili na bado ukasugua mikono. Mlima Meru haujaonekana tangu asubuhi. Wateja ni wa kuhesabu. Nina hasira, na sina mtu wa kumtupia.

Acha niandike hapa kwenye blogu yangu.

Mimi nauza oili na filta za magari, huu ni mwaka wa tisa. Watu huingia hapa wakaniuliza mwenye duka yuko wapi, nami huwatazama tu mpaka waelewe wenyewe. Mtu asiyejua gari lake namtambua akifungua mdomo. Atasema, nipe yoyote.

Kaka yangu Elia ni wa nipe yoyote. Ndiye mzaliwa wa kwanza, na akija nyumbani Sombetini siku ya Jumapili Mama humfutia kiti vumbi kwa kanga yake. Mimi ndiye ninayeishi pale. Mimi ndiye ninayemwosha Baba kila asubuhi tangu alipopooza upande wa kulia. Sijawahi kufutiwa kiti, na nimeshazoea, au nilidhani nimezoea.

Mwaka jana Elia alinunua gari la Kijerumani, la mtumba, lenye giaboksi ya klachi mbili. Klachi moja inashika gia unayoendea, nyingine inaandaa inayofuata, na zote mbili zinafanya kazi ndani ya oili yake maalumu. Oili ikichoka, klachi zinaungua. Siku ileile alipolileta nilimwambia: kila kilomita elfu sitini unabadilisha oili ya giaboksi pamoja na filta yake, na usiweke ile ya magari mengine. Tena gari la mtumba huwezi kuamini kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi, kwa hiyo badilisha sasa hivi uanze kuhesabu mwenyewe. Akacheka. Aliyemuuzia alimwambia oili ile ni ya maisha, haiguswi.

Mwezi wa tano tukakaa kikao cha harusi ya mdogo wetu Upendo, ikapitishwa kwamba gari la Elia ndilo litakalombeba bibi harusi. Nikanyoosha mkono. Nikasema gari hilo libadilishwe oili kwanza, na hata likibadilishwa, halifai kutambaa nyuma ya matarumbeta, maana gari la namna hiyo likienda mwendo wa mguu klachi zinasuguana tu bila kushika na zinapata moto. Nilieleza vizuri. Shangazi mmoja alianza hata kuitikia kwa kichwa.

Elia akasema, "Huyu hata akiona punda atataka kumbadilishia oili."

Chumba kizima kilicheka. Mama alicheka mpaka akajipangusa macho. Baba naye alicheka kwa ule upande wa uso unaofanya kazi. Nilicheka pia, ningefanyaje, nikajiapiza kwamba sitalizungumzia tena gari lile mpaka life.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya tarehe tano. Tulitoka kanisani saa nane, matarumbeta kwenye pikapu mbele, gari la Elia linafuata, halafu sisi, mimi na shangazi watatu. Mama aliamua Baba akae mbele kwenye gari la bibi harusi, kwa heshima, avae suti yake ya kijivu na wakwe wamwone anashuka na binti yake. Elia aliendesha. Tulizunguka mjini mwendo wa konokono, kila kiplefti tunakizunguka mara tatu kwa ajili ya mpiga picha. Safari yenyewe ilikuwa ya Oldonyo Sambu, nyumbani kwa bwana harusi, na kabla hatujafika hata Sakina saa nzima ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo Elia aliponipigia simu.

Alisema dashibodi imeandika giaboksi ina joto kali na gari linatetemeka likianza kuondoka. Sauti yake ilikuwa ya chini, hakutaka Upendo asikie. Aliniuliza asimame au afanyeje. Dirisha langu lilikuwa wazi na harufu ya oili iliyoungua nilikuwa nimeshaisikia. Nilijua la kumwambia. Egesha pembeni, zima, wahamishe watu.

Nikamwambia, "Kawaida hiyo. Endesha tu."

Akasema asante, mdogo wangu.

Nilitaka dakika kumi za aibu yake. Nilishaiona kabisa: Elia amesimama kilimani na suti yake mpya, boneti wazi, wakwe wanamtazama, na mimi nashuka taratibu kuuliza kuna nini. Ningependa kuandika hapa kwamba nilisahau Baba yumo ndani. Sikusahau. Nilijiambia tutamhamishia kwetu haraka, shangazi mmoja atashuka, basi. Nilijua pia kwamba Baba hawezi kukaa zaidi ya saa moja na nusu bila kusaidiwa kwenda haja. Hilo Elia hakulijua. Hilo tunalijua mimi na Mama, na Mama alikuwa gari la nyuma kabisa.

Gari lilizimika baada ya Ngaramtoni, barabara inapoanza kupanda. Lilikoroma, likarudi nyuma kidogo, likakaa. Pikapu ya matarumbeta haikutambua, ikaendelea kupiga peke yake mpaka ikapotea kwenye kona. Shangazi wakaanza kucheka. Nilicheka nao, safari hii kwa moyo wote.

Nilivyoshuka na kufungua mlango wa Baba, kicheko kiliniisha. Suruali ya kijivu ilikuwa imelowa mpaka magotini. Alikuwa amejifunika kwa mkono mmoja unaotii na mkono haukutosha. Na juu kule wazee wa upande wa bwana harusi, waliotumwa kutupokea njiani, walikuwa wanashuka na mablanketi yao mabegani kuja kumsalimia mkwe wao.

Nilisimama. Mimi ninayemwosha kila siku, ninayejua kila kitu cha mwili ule, nilisimama nimeshika mlango na sikufanya lolote.

Elia alizunguka gari mbio. Alivua koti lake, akamfunga Baba kiunoni, akachuchumaa na kumbeba mgongoni. Shati lake jeupe lililowa palepale. Alipita naye mbele ya wale wazee akawasalimia shikamoo, wakaitikia wakitazama chini, akaenda kumweka kwenye gari letu. Upendo alikuwa ameshuka, shela imechafuka vumbi, analia wanja umemchirizika. Alimwambia Elia mbele ya watu wote, "Umemdhalilisha Baba siku yangu. Usinipigie tena maisha yako."

Elia alinitazama juu ya bega la Upendo. Halafu akasema, "Nisamehe, Upendo. Ni uzembe wangu."

Siku kumi zimepita. Upendo hapokei simu za Elia. Jumapili Mama alimkalisha Elia sebuleni akamsema kwa jeuri yake, akamwambia dada yako alikuonya kikaoni ukamfanya kichekesho. Mama alinisifu. Kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka, alinisifu mbele ya Elia, na mimi niliendelea kutafuna nyama. Elia hakuitaja simu.

Baba hanitazami tena nikimwosha. Zamani alikuwa akinitania kwa maneno yake mawili matatu yaliyobaki. Sasa anageuzia uso ukutani na kufumba macho mpaka nimalize.

Leo saa nne Elia ameingia hapa dukani. Fundi wake amefungua giaboksi, klachi zote mbili zimeungua, wanafunga nyingine, kwa hiyo anahitaji oili na filta. Angeweza kumtuma mtu. Kulikuwa na mafundi wawili kwenye kaunta na aliniuliza mbele yao, kwa adabu, kama mteja yeyote, abadilishe kila baada ya muda gani. Nilimwambia kitabu kinasema elfu sitini, ila kwa milima yetu, vumbi letu na misafara yetu asivuke elfu arobaini, na filta aibadilishe papo hapo. Aliandika kwenye simu. Nilitamani anitukane. Nilikuwa na majibu ya mwaka mzima tayari mdomoni.

Mafundi walipotoka aliinama kidogo kwenye kaunta.

"Mama asijue kwamba nilikupigia. Atakufukuza pale nyumbani, na Baba ataoshwa na nani?"

Nikamjibu, "Sawa."

Hilo tu. Akabeba madumu yake akaondoka, na mimi nikabaki nafuta kaunta iliyokuwa safi. Ningeshukuru kama angesema amenisamehe, au kwamba ananichukia. Amenihifadhi tu kwa sababu nina kazi ya kufanya.

Mama hasomi blogu. Upendo husoma.

Upendo, mdogo wangu, kaka aliniuliza kabla hatujafika Sakina. Nilijua gari linakufa, nilijua Baba yumo ndani, na nilimwambia aendelee.

Mpigie yeye kwanza.