Kipande cha Filamu Kwenye Kopo la Poda

Chumba cha nyuma,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi kutoka kwa mzee asiyezeeka. Magoti yako yanasemaje na ngazi? Na mumeo Mwalimu, bado anasahihisha makosa ya watangazaji wa redio? Mimi mzima, ila jicho la kushoto limeingia ukungu, na daktari anasema la kulia litamfuata mwenzake. Nimemwambia yamefanya kazi kumzidi yeye, ayaache yapumzike.

Sasa sikia. Mwezi jana nilipewa tuzo kwa kukata na kuunga filamu maisha yangu yote, na ukumbi mzima ukasimama kwa ajili yangu.

Haya, najua umeshakunja uso. Ukumbi ulisimama kwa sababu chakula kilikuwa kimeingia kwa mlango wa nyuma. Mimi niliitwa wa mwisho, baada ya fundi wa taa. Tuzo yenyewe ni saa ya ukutani, na haikuja na betri. Nimeitundika hivyo hivyo.

Aliyenipeleka ni mjukuu wetu, yule aliyerithi paji la uso la dada yako. Naye sasa ni mhariri wa filamu kama babu yake, ila yeye kasoma, hakuishia darasa la nne. Alinipitisha ofisini kwake. Shemeji, hakuna wembe, hakuna gundi, hakuna hata uchafu. Anakaa na kompyuta na kikombe cha chai, kwenye chumba chenye dirisha. Mimi nilikaa gizani mpaka nikafanana na uyoga. Nikamwuliza, "Na ukikata vibaya je?"

"Babu, unabonyeza hapa tu, kinarudi."

Akabonyeza, kikarudi. Nikajifanya nakohoa.

Unaikumbuka meza yangu. Vipande visivyotakiwa nilivitundika kwenye misumari ukutani, vinaning'inia kama soksi, na Ijumaa vinafagiliwa. Kazi yangu ilikuwa kutupa: aliyepiga chafya, aliyesahau maneno, aliyecheka pasipotakiwa. Watu walitoka ukumbini wakiwasifu waigizaji. Hakuna aliyewahi kusema, lo, yule bwana katupa vizuri. Na nikikaa peke yangu nikiwaza, naona vingine vilivyofagiliwa vilikuwa na uhai kuliko nilivyobakiza.

Marehemu dada yako aliniambia siku moja, huku ananipakulia, "Wewe mume wangu unayajua makunyanzi ya wake za watu wote. Mimi nikinyoa nyusi leo, utachukua mwezi kugundua." Nikamjibu kwamba yeye hana cha kukatwa, ndiyo maana simkodolei macho. Alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja kama kawaida yake, kwa ajili ya lile pengo la mbele. Nikajiona mjanja, nikarudi kazini. Jioni ile ingekuwa inarudi kwa kubonyeza, ningebonyeza mpaka kidole kichubuke.

Mjukuu anatengeneza filamu fupi ya bibi yake. Kakusanya picha zote za ukoo, na katika zote dada yako kafumba mdomo kama mtu aliyeweka maji. Mtoto alimjua akiwa tayari mgonjwa. Akaniuliza, "Babu, kwani bibi alikuwa mkali?" Nikamwambia bibi yako alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Akaitikia kwa adabu, kama anavyoitikia porojo zangu zote. Nimemtungia mengi mno mtoto yule, Shemeji. Hili la kweli limekosa pa kukaa.

Ndipo nikakumbuka harusi yako. Nilikuja na kamera ya kazini. Mwalimu akasimama kuwashukuru wageni, akakaa, kiti kikavunjika, akaenda chini na shada lake la maua kifuani. Nyuma yake alikuwa dada yako, kabeba sinia la glasi kwa mikono miwili. Hakuwa na mkono wa kuziba mdomo.

Kesho yake ulinifuata kwenye meza yangu ya kukatia, macho yamekuvimba. "Shemeji, kitoe hicho, mume wangu ataniacha kabla sijafungua zawadi." Nikakitoa, nikaunga, hata mshono hauonekani. Ukasema utanilipa, siku yoyote, chochote. Kipande chenyewe hukuniachia nikitundike. Ulikisokomeza kwenye kopo la poda, ukaondoka nacho. Ashukuriwe Mungu kwamba hukuniamini.

Na usiniambie umekitupa. Dada yako alinidokeza kwamba Mwalimu akikuudhi unakitoa, unakishika kwenye mwanga wa dirisha, unakitazama, hasira zinakwisha.

Wasalimie wanao wote, na yule fundi cherehani jirani yako anayejidai kunizidi umri. Mungu akupe magoti mapya na miaka ya kuyatumia.

Basi Shemeji, ile siku yoyote ndiyo leo, na chochote chenyewe ndicho hicho. Nilifikiri tumkate Mwalimu abaki dada yako peke yake, lakini hawakatiki. Asipoanguka huyu, yule hacheki. Mbembeleze avumilie. Hakina sauti, najua. Sauti ninayo mimi bado. Kitume ndani ya kopo lake, kabla jicho la kulia halijamfuata mwenzake.

Wako akupendaye, hata ukininyima,
Shemeji yako,
Mkasi