Funguo za Saa Nane na Nusu

Jumatatu, 17 Aprili

Delphine kaleta donati. Wiki yake ya mwisho. Tangu Januari yuko kwetu mahakamani, mwanafunzi wa sheria, anamsomea Jaji Whitlock mafaili na kumwandikia rasimu za hukumu. Mshahara hana. Chuo kinampa krediti tatu, na bila hizo Mei hahitimu. Ila Jaji asaini fomu kwanza, ifike chuoni Ijumaa saa kumi. Nikamwambia, "Mwanangu, mpelekee leo." Kacheka tu, mdomo umejaa sukari.

Mchana Jaji kasinzia kitini. Saa nane na nusu, kama kawaida. Nikadondosha funguo zangu. Kazinduka, akasema, "Pingamizi limekataliwa." Hakuna aliyekuwa amepinga.

Jumatano, 19 Aprili

Delphine kanivuta hadi chooni. Kumbe wanafunzi wanamwandikia mwalimu wao wa chuo kila wiki, kueleza walichojifunza. Kurasa zake kazibana kimakosa pamoja na rasimu ya kesi ya jogoo — na rasimu iko kwa Jaji!

"Umeandika nini humo?"

"Kwamba Jaji anasinzia."

"Basi?"

"Na kwamba haki katika wilaya hii inaamshwa na funguo za Bi Odessa. Ukurasa wa nne."

Miaka kumi na tisa nasimamia utulivu mahakamani, nadondosha funguo kwa siri, hata mchungaji wangu hajui. Huyu wa miezi mitatu kanianika. Na aliapa siku ya kwanza kwamba mambo ya ofisi ya Jaji hayatoki nje. Akitaka, Jaji anamnyima sahihi, na hana wa kumlaumu.

Jioni kwenye maombi tumefika "utusamehe makosa yetu", kicheko kikanibana. Dada Verlene wa kanisani, aliyekaa kando yangu, kanifinya.

Alhamisi, 20 Aprili

Nimeoka pai ya pichi. Bwana Mungu anajua nia yangu, simfichi.

Jaji kaitazama. "Pai katikati ya wiki? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Mheshimiwa. Bado."

Alipogeuka kutafuta uma, nikafunua faili. Rasimu ipo. Kurasa za Delphine hazipo.

Kala vipande viwili. Nilipofika mlangoni akaniuliza, "Funguo zako ni nzito, eti?"

Nikasema za kawaida tu. Nikatoka mbio.

Ijumaa, 21 Aprili

Naandika hapa hapa mahakamani, kwenye meza yangu chini ya jukwaa la Jaji. Kalamu yangu imekauka, nimeazima yake kabla hajaingia. Fomu nimemwekea mbele tangu asubuhi. Hajaigusa. Delphine kakaa benchi la mbele, kajiziba uso kwa faili.

Wakili anaeleza habari za uzio, hamalizi. Saa nane na nusu. Jaji kafumba macho, kiwiko juu ya fomu. Delphine ananiangalia. Nazitoa funguo taratibu.

"Leo usizidondoshe, Bi Odessa." Kwa sauti ya chini, macho bado kayafumba. "Ukurasa wa nne umeandikwa vizuri kuliko ile rasimu."

Wakili hakusikia vizuri, kakatiza, anadhani anaambiwa yeye. Yesu wangu. Jaji kaivuta fomu karibu. Mkono wake unapapasa mezani, kushoto, kulia, unatafuta kalamu — na kalamu ndiyo hii ninayoandi—