Mikindu ya Dorkas

Baba Dorkas,

Mlenda nimeufunika, ugali songa mwenyewe. Mbuzi wafunge kabla giza halijaingia.

Ile miche yako ya minazi ya kaburini nimemwachia jirani. Asubuhi, tukipakia vyombo kuhamia huku kijiji cha ujamaa, ulinifokea, "Mti ni mti, twende!" Si kweli. Mnazi unataka maji kama wewe unavyotaka togwa, na kule nyumbani kwa zamani sasa tutafika msimu wa kulima tu. Nani atamwagilia? Mkindu haudai kitu.

Nimeenda kupanda mikindu miwili kaburini. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitalala kule. Ukinifuata, usije na maneno, njoo na blanketi.

Tangu tumzike pale uani, Dorkas hajalala peke yake hata usiku mmoja.

Mama Dorkas