Nyumba ya Kabuku na Malisho ya Farasi

Kabuku, Handeni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje na baridi ya huko Karatu? Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa jikoni, si kitandani. Sisi ni wazima. Joto la huku limetukausha kidogo, lakini tunakula na tunalala.

Najua mmesikia kwamba tumenunua nyumba ya chini huku shamba badala ya kujenga ghorofa mjini, na kwamba kaka alicheka sana. Acha nikueleze mwenyewe.

Unawakumbuka wale farasi wa kupandisha watalii aliokuwa akiwatunza Elia kule Arusha? Mwenye shamba alipofunga kazi, wawili waliozeeka, Tausi na Jabali, walikosa wa kuwachukua. Ikasemwa wapigwe risasi. Elia akawaomba, akapewa. Mume wangu si msemaji, Mama, lakini jioni ile aliniambia, "Hawa wamebeba watoto wa watu miaka yote, hawajamwangusha hata mmoja. Siwezi kuwaacha." Tukaanza kutafuta nyumba yenye ardhi, na rafiki yake dereva wa lori akatuelekeza huku.

Nyumba ilikuwa ya Bibi Mwanahawa, mjane wa Kizigua. Ina baraza pana na vyumba vinne, na nyuma yake nyasi zinateremka hadi kijitoni. Macho ya Bibi yamefifia, kwa hiyo binti yake alitaka kumchukua akaishi naye Korogwe. Palikuwa na mnunuzi mwingine mwenye uwezo kutuzidi, nami nilishakata tamaa.

Tulipomaliza kuzunguka, Bibi hakutaja bei. Alituonyesha kaburi la mumewe pembeni mwa malisho, akauliza, "Na mzee wangu je?"

Elia alivua kofia. "Nitamzungushia wigo, Bibi, farasi wasimkanyage. Ila niambie, ukija kumzuru utapenda kupitia upande gani? Nikuachie mlango huko huko."

"Yule mwenzenu alisema atanihamishia kaburi," Bibi akasema. "Wewe unaniuliza nitapita wapi." Akamgeukia binti yake. "Kamwite mwenyekiti wa kitongoji. Mtu nimeshampata."

Tukaandikiana mbele ya mashahidi. Nimeolewa na Elia muda mrefu, Mama, lakini siku ile nilimtazama kama namwona upya.

Farasi walipoletwa, Tausi aligoma kushuka kwenye lori. Majirani walijaa kutazama, kila mmoja na ushauri wake. Elia alikaa naye humo, akimsemesha taratibu, hata jua likapoa, na farasi akashuka mwenyewe. Bibi alikuwa bado hajahama. Alikuwa amejaza maji mapipa yote ya uani. Nilipomshukuru akasema, "Mgeni haulizwi kama ana kiu." Bwana mifugo alikuja kesho yake kwa ajili ya mbung'o, akawachoma sindano, na mpaka sasa wananenepa.

Ijumaa iliyopita Bibi alirudi kutoka Korogwe kumzuru mzee wake. Alipita kwenye mlango wa wigo, akakaa kaburini peke yake. Kisha akaja barazani, akasimama mbele ya mlango alioufungua na kuufunga tangu alipoolewa, akapiga hodi. Nilitaka kumwambia hapa ni kwako, ingia tu. Lakini hakuingia. Alingoja, ameegemea fimbo, uso umetulia, mpaka nikasema, "Karibu, Bibi." Ndipo akavua viatu, akaingia.

Nisalimie Baba, na shangazi anayekusaidia kutunza kuku. Kaka naye msalimie, umwambie ghorofa ina ngazi na mguu wako hauzitaki. Mvua zikikatika njoo. Chumba cha upande wa baraza tumekuwekea wewe.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka,
Paskalina